Mpangaji wa Des Rattray

Ngumi ya kwanza Alwyn Pyke aliirusha kabla hata chai haijapoa. Ilimpata Garth Rattray katikati ya pua, pale pale barazani, na ule mlio wa mfupa kukatika Alwyn aliujua vizuri mno, maana alifanya kazi kichinjioni zaidi ya nusu ya maisha yake. Garth, jitu zima la miaka hamsini na ushee, alishuka ngazi kinyumenyume bila kupenda, akaangukia magunia ya viazi, damu ikamchuruzika hadi kwenye kola.

"Umenivunja pua, mzee mwehu wewe!"

"Bado meno," Alwyn akamjibu. "Panda tena hiyo ngazi uone."

Alikuwa na miaka sabini na minne, goti moja bovu, na moyo uliokuwa unakwenda kwa vidonge. Lakini mikono ile, jamani! Watu wa rika lake pale mjini bado walikumbuka alivyowatandika vijana watatu nje ya baa kwa sababu mmoja wao aliiga namna Des Rattray alivyotembea. Walidhani ni ulevi uliompandisha. Siku hiyo hakuwa amekunywa hata tone.

Kando ya gari alisimama baba yake Garth, Clive Rattray, mzee wa miaka themanini na miwili aliyevaa tai ya kanisani siku ya kazi. Hakumkimbilia mwanawe. Alimtazama Alwyn kuanzia viatu mpaka kichwani, polepole, kama mnunuzi anayetafuta kasoro kwa ng'ombe.

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu Des," akasema. "Nimeshamtafutia nafasi kwenye makao ya Bethsaida, kwa wazee wenzake wanaomcha Mungu. Na wewe mpangaji, kusanya virago vyako. Nyumba hii ni ya kina Rattray."

Mpangaji. Alwyn angekuwa ametukanwa tusi lolote jingine angejua la kujibu, lakini neno lile walilitunga wenyewe, yeye na Des.

Mlango wa wavu ukagonga ukuta. Sista Maree, nesi aliyekuwa akija kila asubuhi kumpa Des dawa za maumivu, alitoka na glavu mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watoto ng'ambo ya shamba.

"Alwyn! Umempiga?"

"Pua tu."

"Pua tu! Sasa nisikilize vizuri, maana sitarudia. Ukimgusa mtu mwingine leo nitalazimika kuita polisi, na watakuondoa hapa. Utashinda selo, na yule mle ndani atakufa bila wewe. Hata kofi. Hata kumsukuma. Umenielewa?"

"Wamekuja kumwiba, Sista."

"Kwetu imeandikwa Clive ndiye ndugu wa karibu. Wewe umeandikwa mpangaji. Nani alituambia hivyo? Si nyinyi wenyewe?"

Basi sikilizeni upumbavu wao. Mwaka uliopita, kansa ya mapafu ilipoanza kumlaza Des, mtu wa huduma za wazee alikuja kuiona nyumba na kuuliza nani anapika, nani anamwogesha mgonjwa, na akizidiwa aitwe nani. Wazee wale wawili wakafanya walichokifanya kila mgeni alipobisha hodi tangu enzi za ile sheria iliyowatia jela wanaume kama wao hapa Tasmania mpaka mwaka tisini na saba. Waliipanga nyumba. Wenyewe waliita hivyo, kuipanga nyumba. Picha walizopiga pamoja ziliingia chini ya magunia. Mswaki mmoja ulihamia chumba cha nyuma. Kitanda kipana kilifunguliwa vipande vipande kikapelekwa bandani, vikaingia vitanda viwili vyembamba, kimoja kila chumba, na Alwyn akajibwaga kwenye kile cha nyuma akagaagaa kama punda ili shuka zionekane zimelaliwa. Des alicheka mpaka akakosa pumzi. "Hujui kulala peke yako hata kwa kuigiza," alimwambia.

Mgeni alipouliza huyu bwana mwingine ni nani, Des akasema ni mpangaji. Na ukizidiwa aitwe nani? Wakatazamana. Des akamtaja kaka yake, ndugu pekee aliyebaki hai, ilimradi jina lipatikane na mgeni aondoke. Duniani huko vijana walikuwa wanaoana, wanaume kwa wanaume, wanarushiwa maua na mama zao wanalia kwa furaha, na hawa wawili bado walikuwa wanamkwepa polisi aliyeshastaafu na pengine aliyeshakufa. Mapazia ya chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, yalikuwa yamefungwa miaka arobaini na moja. Nje ya mlango hawakugusana hata kidole.

Des ndiye aliyestuka kwanza. Wiki ile ile alimburuta Alwyn kwa wakili mjini, waandikishe kwamba yeye akishindwa kusema, Alwyn ndiye atakayesema kwa niaba yake. Kwenye viti vya kusubiri alikuwa amekaa mwanamke wa duka la mikate. Alwyn alimwona akageuka na kurudi garini. "Tuje wiki ijayo," alisema. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine, na Des akaishiwa nguvu ya kupanda gari. Alwyn, aliyekuwa hamwogopi dume la ng'ombe, alimwogopa muuza mikate! Sasa alikuwa anajilaumu.

Des mwenyewe hakuomba makubwa. Alitaka afie nyumbani, mlango ukiwa wazi, Alwyn akiwa kando yake. Hilo la mlango lilikuwa na historia yake. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, Clive alimfumania kwenye banda la viazi na Rowan, mtoto wa seremala. Clive akachukua mti wa uzio akampiga Rowan mpaka jicho likapasuka. Kijana wa watu akavuka bahari na jicho moja na hakuonekana tena. Des alitupwa kwenye lori, akapelekwa wodi yenye kufuli kwa nje, akafungwa mikanda, akawa anaonyeshwa picha za wanaume huku akipigwa umeme miguuni, eti apone. Aliyemshika miguu siku ya kumpandisha lorini ni Clive huyu huyu mwenye tai. Na Bethsaida, kila mtu anajua, milango yake inafunguliwa kwa namba ambazo wazee hawapewi.

"Usiwaache wanifungie tena, Al," Des alimwambia walipopewa majibu ya hospitali. Alwyn akasema sawa, kwa wepesi tu, kama mtu aliyeambiwa asisahau kununua maziwa.

"Ila kuna hili," Sista Maree akaendelea pale barazani, sasa akisema na wote watatu. "Akili zake ziko sawasawa. Mtu mwenye akili zake anajisemea mwenyewe. Nitamuuliza anataka kuwa wapi. Akisema anabaki, anabaki, hata mkija na kanisa zima. Akisema anakwenda, sina la kumzuia."

"Nitakaa naye," Clive akasema. "Ni damu yangu."

"Na mimi?" Alwyn akauliza.

"Wewe umetoka kumvunja mtu pua. Kaa nje, wasije wakasema umemtisha mgonjwa."

Alwyn alizunguka nyumba akasimama kwenye dirisha la pembeni. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, lakini ni kwa furaha. Des ataulizwa, Des atasema, na hawa watarudi walikotoka na pua yao. Kupitia kioo alimwona mtu wake ameegemea mito, mipira ya hewa puani, amebaki ngozi na macho. Clive aliketi ukingoni mwa kitanda, mkono wake mnene ukiwa juu ya bega la mdogo wake. Sista Maree alipiga magoti upande wa pili, kisogo chake kikiwa dirishani.

"Des, mpenzi, kaka yako anataka kukupeleka Bethsaida. Wewe unatakaje?"

Des aligeuza uso kuelekea dirishani. Alimwona Alwyn, na mdomo ulianza kutabasamu. Halafu macho yalimpita Alwyn, yakaenda nyuma yake, na yakabaki huko huko yamekodolewa.

Alwyn akageuka. Garth alikuwa nyuma yake, hatua moja tu, mti wa uzio ameuinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, meno mekundu kwa damu. Hakuwa anamtazama Alwyn hata kidogo. Alikuwa anamtazama ami yake ndani ya kioo, kumuuliza kama ameona.

"Des?" Sista Maree akarudia. "Huyu Alwyn ni nani kwako? Unataka kubaki naye?"

"Mpangaji," Des akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini dirisha lilikuwa limeachwa wazi kidogo na Alwyn aliisikia vizuri. "Mpangaji tu. Nitakwenda na Clive. Mwacheni huyo. Msimfanye kitu."

"Una uhakika?"

"Nimesema nakwenda."

Alwyn alihisi kama amepigwa ngumi ya kifua. Alijua Des amesema vile kwa nini, alijua kabisa, na bado liliuma. Miaka yote ile neno lilikuwa mzaha wao. Asubuhi Des humletea chai kitandani akasema, "Mpangaji, kodi yangu iko wapi?" naye humvuta shati. Sasa lilikuwa limetumika kwa kazi yake halisi.

Alimkimbilia Sista Maree mlangoni. "Nimeinuliwa gongo, Sista! Huyu mshenzi alikuwa ameninyanyulia gongo, Des ameona!"

Sista alimtazama Garth. Garth alifungua mikono mitupu. Mti ulikuwa umeshatupwa kwenye majani. "Mzee anaota," alisema kwa pua iliyoziba.

"Sikuona, Alwyn," Sista Maree akasema, na uso wake ulikuwa umesawijika. "Nakuamini, lakini sikuona. Nimemuuliza mara mbili. Nitawapigia wakubwa wangu sasa hivi, mchana wataenda Bethsaida wamuulize akiwa peke yake."

"Mchana atakuwa ameshafungiwa mlango."

Sista alikuwa ameshatoa simu na kwenda jikoni.

Wakamtoa Des amefungwa blanketi kama mzigo, Garth amembeba, Clive ameshika mtungi wa hewa. Alwyn alisimama njiani. Alifahamu pa kumpiga Garth: chini ya sikio, mara moja tu, ng'ombe mwenyewe hasimami. Alifahamu pia selo inanukaje, maana aliwahi kulala mle ujanani na aliyoyapata humo kwa askari wa zama zile hakuwahi kumsimulia mtu isipokuwa Des. Akaingiza mikono mifukoni. Walipompita, Des hakumtazama. Alifumba macho kwa nguvu.

Geti lao lilikuwa la chuma, mwisho wa njia ya udongo mwekundu, na Alwyn alilifikia akichechemea kabla gari halijawashwa. Akalifunga. Akazungusha mnyororo. Kisha akageuka akalikumbatia kwa ndani, akapitisha mikono yote miwili kati ya vyuma, na kuvifumbata vidole vyake upande wa barabarani. Hapo hata akitaka kupiga hataweza. Alikuwa amejifunga mwenyewe.

Gari likaja mpaka nyuma ya mgongo wake, joto la injini likampiga miguuni. Garth akateremka na ule mti wa uzio, aliokuwa ameuokota tena.

"Ondoka, mzee."

"Siondoki."

"Nitakuua."

"Haya, ua. Lakini getini siondoki."

Pigo la kwanza lilimpata mbavuni, akasikia kitu kikiachia ndani. La pili mgongoni. Alwyn alitia paji la uso kwenye chuma na kuanza kusema kwa sauti, "Usimguse, usimguse, usimguse," na aliyekuwa anamwambia ni nafsi yake. Garth alimpiga teke lile goti bovu, mguu ukaacha kazi, akabaki ananing'inia kwa mikono. Garth alimshika nywele akampigiza uso getini, mara mbili, jino likatoka. Damu ya Alwyn ilikuwa inadondokea kwenye viatu vyake mwenyewe, vile vya kazi, na kwa muda aliiangalia kama ya mnyama.

"Msenge mkubwa! Miaka yote unakula nyumba ya babu yangu! Fungua!"

"Usimguse," Alwyn akasema kwa mdomo uliovimba.

Sista Maree alikuwa amesikia kelele, anakuja mbio kutoka nyumbani, simu sikioni, akipiga kelele za kuwaita polisi. Mlango wa mbele wa gari ukafunguka, Clive akashuka. Hakupaza sauti. "Unahangaika na mgongo wa nini?" akamwambia mwanawe. "Vidole. Vunja vidole, ataachia mwenyewe."

Garth alisita. Kisha akapitisha ncha ya mti kati ya vyuma akaanza kutwanga. Kidole kidogo kilikwenda kwanza. Kisha cha pete. Alwyn alilia kwa sauti, hakuona haya, alilia kama mtoto anayechapwa, lakini mikono haikuachia, ilihamisha tu mahali pa kushikia. Mkono wa kulia ukafa wote. Akashika kwa wa kushoto, Garth akauhamia.

"Garth Rattray!"

Ng'ambo ya geti alikuwa amesimama Thelma Jessup, jirani wa upande wa pili wa barabara, na mbwa wake mzee kwa kamba. Alikuwa na miaka themanini na kanzu ya kulalia chini ya koti. "Mimi nilikufundisha nyimbo za Krismasi, mshenzi wewe! Hivi ndivyo ulivyolelewa?" Akaachia kamba ya mbwa, akasogea mpaka getini, na akaweka mikono yake myembamba yenye mishipa juu ya ile ya Alwyn iliyopondeka. "Haya. Twanga. Anza na vyangu."

Mti ukasimama hewani.

"Mama Jessup, ondoka. Hii si shughuli yako."

"Twanga, nimesema! Unaogopa nini? Au wewe unaweza wazee wa kiume tu?"

Ndipo mlango wa nyuma wa gari ulipofunguka. Hakuna aliyeugusa kwa nje. Des Rattray, ambaye kwa wiki nzima hakuwahi kukaa bila kushikiliwa, aliteremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, na akaanguka chini mzima mzima, uso kwenye udongo. Mpira wa hewa ulichomoka puani. Akaanza kutambaa. Alitumia viwiko, kidogo kidogo, pajama yake inaburutika, pumzi inakoroma kama msumeno mbovu, na watu wazima wote wale walisimama wakimwangalia kwa sababu hakuna aliyeamini macho yake. Sista Maree ndiye aliyemfikia kwanza akataka kumwinua. Des aliusukuma mkono wake.

Akafika kwenye miguu ya Alwyn. Akashika suruali, akajivuta, akamkumbatia yule mtu kiunoni. Nje. Mchana kweupe. Mbele ya barabara.

"Mpangaji," akasema Des, na ikabidi apumzike. "Mpangaji gani... analala kitandani kwangu... miaka arobaini na moja?" Akavuta pumzi tena. "Ni mume wangu. Umesikia, Clive? Ulimtoa Rowan jicho, nikanyamaza. Huyu ni mume wangu. Nipige mimi."

"Funga mdomo wako!" Clive akafoka, na sasa sauti ilipanda na kupasuka. "Watu wanakusikia!"

"Watu tulishasikia zamani, Clive," Thelma akasema, mikono ikiwa pale pale. "Wanaume wawili, kamba moja ya kufulia, na pajama zao zinafanana. Mpangaji! Hata mbwa wangu anajua."

Clive alimnyang'anya mwanawe ule mti. Kwa miaka yake themanini na miwili aliuinua kwa wepesi wa kutisha, kwa mikono iliyokumbuka kazi, juu ya kichwa cha mdogo wake aliyepiga magoti. Alwyn aliona kivuli kikipanda kwenye udongo. Alijaribu kuchomoa mikono kutoka kwenye vyuma, ikakataa, vidole vimevimba, na hapo kwa mara ya kwanza siku ile hakuwaza selo wala polisi wala chochote. Aliwaza kuua tu. Akauinamisha mwili wake juu ya Des kadiri alivyoweza, akangoja.

"Baba," Garth akasema.

Alikuwa ameushika mti kwa juu. Baba akavuta, mwana akavuta.

"Baba, basi. Ni ami Des. Utamuua."

"Achia!"

"Basi, baba!" Garth akapiga kelele, na pua yake ikaanza kutoka damu upya. Akaupokonya mti na kuutupa mbali, kisha akaketi chini pale alipokuwa, akiiangalia ile mikono getini, kama vile aliyeivunja ni mtu mwingine.

Sista Maree alipiga magoti kwenye udongo. Alimrudishia Des mpira wa hewa puani, akashika uso wake. "Des, nakuuliza tena, mbele ya watu hawa wote. Unataka kuwa wapi?"

"Kitandani kwetu," Des akasema.

"Nimesikia."

"Nimesikia na mimi," akasema Thelma Jessup.

Polisi walikuja wakamchukua Garth, na Clive wakamweka kwenye gari la pili, akidai haki zake na kulalamika kwamba amevuliwa tai. Askari wa tatu, kijana mwenye chunusi bado, alibaki kuandika maelezo. Alwyn hakumpa hata neno. Alikuwa ameketi barazani huku Sista Maree akimfunga vidole kwa vijiti na bandeji, na kila alipoona sare ile aligeuza uso. Alikataa kupelekwa hospitali. Alisema atakwenda Des akishamaliza, si kabla, na wakitaka wambebe kwa nguvu waite jeshi.

"Mzee," yule askari akasema mwishowe, "mgonjwa anasema kuna kitanda bandani. Nikilete?"

Alwyn akaitikia kwa kichwa.

Ikawa ajabu ambayo Des aliicheka kwa macho, kwa kuwa pumzi ya kucheka hakuwa nayo tena: polisi amepiga magoti chumbani kwao, kofia pembeni, anakaza skrubu za kitanda chao, anatukana kimya kimya kwa sababu moja haiingii. Thelma alikuta picha chini ya magunia, akazipangusa vumbi kwa koti lake na kuziegemeza ukutani. Vile vitanda vyembamba vilitupwa uani. Godoro la zamani liliporudi lilikuwa na mabonde mawili, moja kubwa, moja dogo, na askari aliuliza nani analala wapi.

"Mimi ukutani," Alwyn akasema. "Yeye mlangoni. Na mlango uache wazi."

Des aliishi siku mbili zaidi. Clive hakuruhusiwa kukaribia. Sista Maree alikuja asubuhi na jioni, na baina ya hapo alikuja Thelma na supu ambayo hakuna aliyeweza kuila, mmoja hana pumzi, mwingine mdomo umepasuka. Alwyn alilala kwa ubavu usiovunjika, ile mikono mikubwa imefungwa bandeji kama mipira miwili, haina faida. Miaka yote aliyoweza kumshika Des mkono njiani hakumshika, na sasa alipotaka, hakuwa na kidole cha kushikia. Jambo hilo lilimliza kuliko mbavu. Des alimwona. Akachukua ile mipira miwili ya bandeji, mmoja mmoja, akaiweka kifuani kwake, juu ya moyo, na kuifunika kwa mikono yake.

Asubuhi ya tatu pumzi zilianza kuachana mbali. Sista Maree alisikiliza kifua, akamtazama Alwyn.

"Sista," Alwyn akasema. "Fungua pazia. Mimi siwezi."

"Hili la barabarani?"

"Hilo hilo. Lote."

Pete za pazia zilikuwa zimeshika kutu kwa kutosogezwa, zikapiga kelele, na mwanga ukaingia chumbani mpaka kwenye pembe ambazo hazijawahi kuuona. Barabara ilikuwa pale, karibu kuliko alivyofikiri. Lori la viazi lilipita, dereva akageuka kutazama wazee wawili kitanda kimoja, akapita. Mwanamke wa duka la mikate alipita na gari lake dogo, akapunguza mwendo. Alwyn alihisi ule woga wa zamani ukimrudia, mguu ukataka kumshusha kitandani wenyewe. Akajisogeza karibu zaidi na Des, akaweka shavu lake kwenye bega la mume wake, akamtazama yule mwanamke moja kwa moja.

Thelma Jessup akatokea na mbwa. Alisimama getini, akawaona, akainua mkono. Alwyn hakuwa na mkono wa kuinua. Des ndiye aliyeinua wake, kidogo tu, juu ya blanketi, akaushusha pale ulipokuwa, juu ya bandeji, na hakuvuta pumzi nyingine.

Sista Maree alisubiri kwa heshima, kisha akanyoosha mkono alifunge pazia, kama wafanyavyo watu penye maiti.

"Liache," Alwyn akasema.